Magulu ya Isolo la Baba

Jirani yangu hapa Bariadi mjini anawamba ngoma, na juzi aliloweka ngozi ya ng'ombe kwenye pipa karibu na dirisha langu. Wajukuu wakaziba pua, wakafunga dirisha. Mimi nikalifungua. Harufu ile nzito ya ngozi mbichi, inayokaa kooni kama maziwa yaliyolala, kwangu mimi si uvundo. Nikiivuta naiona mikono ya baba yangu, Shigela, naona na yangu mwenyewe ikiwa midogo, kucha zimejaa weusi wa udongo wa mbuga, inakaza ukanda mpaka vidole vinakufa ganzi. Nyinyi wenzangu mliokua wakati wa Mwingereza, mkavaa kaniki na kufukuza ndege kwenye mtama, mtanielewa. Hawa wa sasa nimewasimulia, wakacheka tu.

Baba alikuwa mtu wa isolo. Isolo ndilo hilo wengine wanaloliita bao, ubao mnene wenye mashimo thelathini na mawili, safu nne, na kete zake ni vijiwe vya mtoni. La kwetu alilichonga mwenyewe kabla sijazaliwa, kwa mti wa mninga, akaliachia masikio mawili, moja kila upande, na kila sikio akalitoboa tundu la kulitundikia ukutani. Alilipaka samli miaka na miaka mpaka likawa jekundu kama ng'ombe aliyelowa mvua. Msumari hakutaka hata uukaribie. Alisema msumari ukiingia humo, kiangazi kikija ubao utapasuka. Jioni akitoka shambani alikaa kwenye isumbi, kigoda chetu kile cha miguu mitatu, magoti yanakaribia kidevu, isolo liko chini kati yake na mwenzake, na hapo hata ungemwambia ng'ombe wameingia kwenye mahindi angekujibu, "Ngoja nimalize mkono huu."

Tulikuwa na maksai wawili wa kuvuta plau, Kahama na Tabora. Baba aliwaita hivyo kwa sababu ndiyo miji aliyoisikia ikisifiwa, ingawa hakufika hata mmoja. Dada zangu walikuwa wameshaolewa, kwa hiyo mimi, Kabula, ndiye niliyewafunga nira asubuhi na kuwaongoza mbele. Sasa mwaka ule mvua ilizidi, mbuga ikawa tope la kuvuta miguu, na siku moja Tabora aliteleza, akaanguka ubavu, akambana baba nyonga kwenye plau. Nilisikia mlio kama bua la mtama likivunjwa. Bibi Holo, aliyejua mifupa kuliko mtu yeyote upande ule, alimkanda miezi mitatu. Baba aliinuka, akatembea na fimbo, lakini nyonga haikukunjika tena. Isumbi likamshinda. Aliweza kukaa juu ya kiti kirefu tu, kile kimoja tulichowawekea wageni, na ukiwa juu ya kiti kile, isolo lililo chini liko mbali kama maji ya kisimani.

Wenzake wakapata dawa. Walichukua kinu cha mama, wakakigeuza, wakalilaza isolo juu ya makalio ya kinu. Mama, Minza binti Mayunga, alilalamika: "Kinu changu mmekiinamisha namna hiyo, leo mtakula kete?" Lakini alikuwa amemwona mumewe anacheka baada ya miezi mitatu, akaenda kuazima kinu kwa jirani.

Hapo ndipo Luhende anapoingia. Huyu alihamia kwetu kutoka Shishiyu, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, na isolo alilicheza kwa mwili mzima. Kila akila, kete ya mwisho aliipigiza shimoni, paa! na kusema, "Lala huko!" Alasiri moja baba alikuwa anamshinda, wanaume kama kumi wamezunguka, mimi nimesimama na kibuyu cha maji. Luhende akanyanyuka ghafla.

"Kete zimehama! Hapa palikuwa na tano, sasa tatu. Shigela, unasukuma kinu kwa goti."

"Goti gani?" baba akasema. "Hili la mguu usiokunjika?"

"Hilo hilo. Ng'ombe amekuvunja, ukaona ulifundishe wizi."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, maana waliona uso wa baba. Kwetu ukimwambia mtu mzima mwizi, hata wa kijiwe, umemvua nguo. Mtu wa kumkopesha jembe atafikiri mara mbili. Mtu wa kuoa kwake atauliza.

Kesi ikaenda kwa mwanangwa Ndaki, aliyekuwa mkubwa wa kijiji chetu chini ya mtemi. Mtu mnene, mpole, alisikiliza huku amefumba macho. Baba akaeleza. Luhende akaeleza kwa sauti kubwa zaidi. Mwanangwa akafumbua macho, akasema kwa Kisukuma maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Shigela, nimekusikia. Lakini neno lako halina magulu. Pamba ikitoka mashambani mtarudiana hapa kwangu, mbele ya watu wote. Kama siku hiyo neno lako bado halina magulu, utamwomba Luhende radhi, na isolo lako litabaki ukutani kwangu."

Magulu ni miguu. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na shule nimeishia darasa la pili. Sikujua kwamba wakubwa wanaposema hivyo wanamaanisha huna ushahidi. Hilo nilikuja kulielewa nikiwa mama wa watoto watatu, siku ya kesi ya mpaka wa shamba, nikasimama pale barazani nikacheka peke yangu kama mwehu. Siku ile mimi nilisikia miguu. Nikaona jambo liko wazi kabisa: baba anashindwa kwa sababu isolo lake limekaa juu ya kinu, halina miguu, na mwanangwa anataka aione. Nikashangaa kwa nini wakubwa wamenyamaza wakati kazi yenyewe ni ndogo hivyo.

Baba alirudi nyumbani, akalitundika isolo, hakuligusa tena. Alikaa kwenye kiti kile akiuangalia ukuta. Sengi Kwandu, yaani shangazi yangu, dada yake baba, akija kutusalimu alimchokoza: "Kaka, umemwoa ukuta? Mahari ulilipa wapi?" Kisimani wanawake walinyamaza mama akifika, na mama akarudi na ndoo haijajaa.

Basi mimi nikaanza. Nyuma ya zizi kulikuwa na nira kuukuu iliyovunjika, mti mkavu mgumu. Nikachukua tezo ya baba, nikaanza kuichonga. Siku ya pili nikasikia fimbo yake nyuma yangu, tok, tok.

"Unatafuta nini kwenye nira yangu?"

"Natafuta magulu, baba."

"Magulu ya nani?"

"Ya neno lako."

Alinitazama. Nikainamisha kichwa nikingoja kofi. Badala yake alinipa mgongo, mabega yakaanza kutikisika, nikajua nimemliza baba yangu, na mimi nikaanza kulia. Sengi Kwandu, aliyekuwa mlangoni, alinieleza nikiwa mkubwa kwamba mtu yule alikuwa anacheka mpaka machozi. Lakini baba hakunisahihisha hata siku moja. Aligeuka, akajifuta uso, akasema, "Tezo haishikwi hivyo, ng'wanone, mwanangu. Utajikata mguu, na miguu humu nyumbani imeshapungua. Nenda kalete kiti changu."

Tangu siku hiyo tukafanya kazi pamoja. Yeye hakuweza kuinama, mimi sikuwa na nguvu wala akili ya ufundi. Akakaa juu ya kiti akisema, mimi nikachuchumaa chini nikifanya. Mimi nikawa nyonga yake. Alinifundisha kuutazama mti unaelekea wapi kabla ya kuukata. Alinifundisha kwamba miguu minne iliyosimama wima ni ya mbuzi, itayumba, kwa hiyo tutengeneze vikalio viwili, kila kimoja miguu miwili iliyotanuka, imekanyaga gogo pana chini, na juu imeshikwa na boriti fupi ambayo sikio la isolo litaikalia. Tundu alinifundisha kulitoboa kwa chuma kilichowekwa motoni. Moshi ulinitoa machozi na yeye aliniambia, "Vumilia, bado kidogo," akijua kabisa si kidogo.

Wanawake walipita wakaniona na tezo. Mmoja wao, Nyamizi, akasimama kabisa.

"Shigela, binti unamfundisha kazi ya wanaume! Ataolewa na tezo?"

"Tezo haimpigi mke," baba akamjibu. Nyamizi alikuwa na mume mkali. Aliondoka bila kuaga.

Kulifunga isolo juu ya vikalio, hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nilikuwa nimemwona baba akifunga mpini wa jembe kwa ngozi mbichi. Inalowekwa, inafungwa ikiwa laini, ikikauka inajikaza yenyewe kuliko chuma. Nikaloweka ukanda, nikazungusha masikio na boriti, pande zote mbili, nikakaza kwa meno. Jua likafanya kazi yake siku mbili. Wenzangu, kile kitu kilisimama! Baba akaingiza miguu chini yake, akaweka kete, akapiga ubao kwa ngumi. Hakuna kete iliyotikisika. Akacheza na Sengi Kwandu, akamla kete zote, na Sengi akasema, "Bora ungebaki na ukuta wako." Nilijiona nimemaliza kesi.

Siku ya tatu bibi Holo akafariki.

Kwetu, mtu akifa kijijini, isolo hulazwa chini kifudifudi, mashimo yakitazama udongo, mpaka matanga yaishe. Ni kuonyesha kwamba hakuna mkono unaotamani mchezo. Na huyu aliyekufa ndiye aliyemsimamisha baba. Baba akasema, "Kabula, lilaze." Nikashika fundo. Lilikuwa jiwe. Nikavuta, nikang'ata, nikamwagia maji, wapi! Watu wa msibani wanapita njiani, na isolo letu limesimama uani, mashimo wazi kama macho, kama nyumba yetu haijasikia kilio. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Hata msiba wa Holo hawa hawana haya." Baba akaja na kisu. Alikata ngozi ile kipande kwa kipande, jasho linamtoka, mimi nikalilaza isolo, kisha akanitazama nilivyosimama.

"Umelipandia mizizi, ng'wanone," akasema. "Mimi nilitaka miguu."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali. Nikaenda kulia zizini, nimeuegemea ubavu wa Kahama, na pamba ilikuwa tayari imeshaanza kuchumwa. Siku zilikuwa zimebaki chache.

Matanga yalipoisha nikarudi kazini. Jioni moja nawafungua maksai. Nikachomoa kijiti cha nira kwa mkono mmoja kama nilivyochomoa kila siku, nira ikaachia, Tabora akatoa shingo. Nikabaki nimekishika kile kijiti. Mbele yangu kwenye nira kulikuwa na kitanzi cha ngozi, kikavu, kigumu, hakijafunguliwa tangu kilipofungwa. Ngozi inabaki. Kijiti ndicho kinachotoka. Kila siku nilikuwa nafunga na kufungua jambo lile lile lililonishinda.

Nikawaacha ng'ombe hapo hapo nikakimbia. "Baba! Ngozi isilifunge isolo! Ngozi iifunge boriti, isolo lifungwe na kijiti!"

"Na Tabora yuko wapi?"

"Baba, sikiliza!"

Tabora tulimkuta kwa majirani anakula viazi vyao, lakini baba alikuwa ameshaelewa. Tulifunga kitanzi cha ngozi mbichi kwenye boriti ya kila kikalio, tukakiacha kikauke hapo hapo, kisitoke milele. Kitanzi kinasimama juu kidogo. Ukilishusha isolo, kitanzi kinapenya kwenye tundu la sikio na kutokeza juu, kama kifungo cha shati. Hapo unachomeka kijiti cha mpingo ndani ya kitanzi, kijiti chembamba huku, kinene huku. Unakigonga kidogo, kadiri kinavyoingia ndivyo kinavyolivuta isolo chini lisiweze hata kupumua. Ukitaka kulitoa unakigonga kinyume, kinaruka. Vijiti viwili, basi. Msumari hakuna hata mmoja. Nililifunga na kulifungua mara nyingi kiasi kwamba mama aliniambia nikifika mbinguni nitaung'oa mlango.

Siku ya kurudiana tulitoka wote. Mama amebeba isolo, Sengi Kwandu amebeba kiti, mimi vikalio viwili kichwani, baba mbele na fimbo yake. Kwa mwanangwa watu walikuwa wengi, na Luhende ameshakaa, amevaa shati jeupe. Nilishusha mzigo, nikapiga goti mbele ya mwanangwa.

"Mwadila, mwanangwa."

"Mwadila, ng'wana Shigela. Umeleta nini?"

"Ulisema neno la baba halina magulu. Nimeyaleta. Haya hapa."

Wenzangu, watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Luhende alijipiga mapaja. Nikamtafuta baba nimwone kama nimekosea, na nikamkuta amesimama wima kabisa, kidevu juu, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa kwa sifa. Mwanangwa peke yake hakucheka.

"Nyamazeni," akasema. "Yaweke, mtoto, tuyaone."

Nikaweka. Vijiti viliingia, tok, tok. Mwanangwa akaja na unene wake wote, akaegemea kona ya isolo kwa kiwiko. Halikulia hata nyaa. Akarudi kukaa. "Chezeni."

Wakacheza. Baba goti lake lilikuwa chini ya isolo, linaonekana na kila mtu. Luhende alipokula mara ya kwanza, paa! "Lala huko!" Akala tena, paa! Mwanangwa akainua mkono.

"Luhende, subiri. Hiyo paa. Unaifanya kila siku?"

"Ndio uchezaji wangu, mwanangwa."

"Hata siku ile?"

Mwanangwa akaita kinu kutoka kwa mke wake, kikaletwa, kikageuzwa. Akaniambia, "Mtoto, litoe." Nikagonga kijiti huku, nikagonga kijiti kule, isolo likatoka kabla mtu hajameza mate. Hapo nilisikia watu wakiguna, na mpaka leo sijaona pambo la dhahabu ninaloweza kulibadilisha na mguno ule. Wakaliweka juu ya kinu, kete zikapangwa.

"Shigela, nenda usimame kule kwenye ghala. Haya, Luhende, piga."

"Mwanangwa, sasa mimi..."

"Piga kama mwanamume wa Shishiyu."

Luhende akapiga. Paa! Kinu kikayumba, kete mbili zikaruka, moja ikaingia shimo la jirani, moja ikaanguka chini ikabingirika mpaka kwenye mguu wa mwanangwa. Aliitazama. Kisha akatazama kule mbali, ghalani, aliposimama baba.

"Goti la Shigela ni refu sana," akasema. "Limetoka kule limefika hapa."

Sitaeleza kicheko kile. Sengi Kwandu alikaa chini kabisa. Mwanangwa akangoja kiishe, akasema, "Neno la Shigela lina magulu. Nimeyaona mwenyewe. Luhende, una la kusema?" Luhende akasimama na shati lake jeupe, akamwendea baba, akampa mikono yote miwili, akasema mbele ya watu, "Shigela, nilikosea. Mkono wangu ndio ulioiba." Nami nasema kweli, si kila mtu angeweza kusema hivyo.

Tukarudisha vikalio, mchezo ukaendelea, na baba akashindwa. Ndiyo, Luhende alimla vibaya. Baba alicheka kuliko wote. Tulipofika kwetu aliwaambia majirani waliotoka kutupokea, "Nimefungwa leo, nimefungwa kweli kweli! Njooni muone na hili linavyofungwa," akalipiga isolo kofi. Nilifunga na kufungua mbele yao mpaka giza likaanza.

Haikupita wiki. Asubuhi nilikuwa zizini nazoa samadi, nikamwona Luhende anaingia uani, isolo lake mwenyewe liko kwapani. Akaamkiana na baba, "Mwangaluka," "Mwangaluka," wakaulizana habari za mvua, za ng'ombe, za nyonga. Kisha akasema, "Shigela, na mimi nataka magulu kama yale. Utanitengenezea lini?"

"Mimi?" baba akasema, kwa sauti ya kunifikia. "Mimi si fundi, bwana. Fundi yuko zizini, anazoa mavi. Msubiri."

Luhende akakaa akasubiri. Nikajaza kikapu, nikaenda kumwaga shambani, nikarudi, nikajaza kingine. Nikamaliza zizi lote. Nikanawa mikono taratibu mpaka viwikoni. Ndipo nikaenda, nikapiga goti kama inavyopaswa, nikamwamkia, na kumwambia alilaze isolo lake chini nilipime.